Kifungo

Tangu Machi cherehani imevaa shuka.
Nalala, naamka, nalala;
chai yapoa, nautazama utando wake.
Vumbi la Kaptembwo laingia bila hodi,
lakaa kwenye kiti cha mteja.

Si huzuni. Huzuni ina machozi;
hii haina hata jina.

Leo Chepng'eno wa jirani, miaka saba,
kaja na sweta la shule mkononi:
"Mama kasema kifungo tu."

Kifungo tu.
Nikasaka sindano robo saa.
Uzi ukakataa tundu, nikaulamba,
ukakataa, nikaulamba tena.

Kaondoka mbio, hata asante hakusema.

Nimebaki na sindano, na uzi bado mrefu.
Nautazama.
Mfuko wa suruali yangu una tundu
la tangu Machi.