Nywele Nyeupe za Lerole

Kabla ya chai, kiganja.
Nakipitisha mgongoni mwake kinyume cha manyoya,
kisha kwa kuyafuata, taratibu,
kama mtu apapasaye ukuta gizani
akihofia msumari.
Lerole anapumua mvuke. Ni mwezi wa sita,
na milima ya Maluti, mmoja nyuma ya mwingine,
bado haijaamua kuwa asubuhi.

Siku tatu hadi Ha Ntšekhe. Nimebeba
vidonge vya kifua kikuu, dawa ya maji ya watoto,
na betri za redio ya mwalimu Sekhonyana.
Chupa ni nzito kuliko vidonge,
kwa hiyo mfuko wa kushoto una jiwe,
jeusi, laini, la mtoni,
lililozuru vijiji vingi kuliko mbunge wetu.

Blanketi nalikung'uta mara tatu.
Ya nne ni ya hofu.

Mwaka ule wa theluji nilikuwa na haraka.
Nilitandika gizani, nikakaza mkanda kwa mkupuo mmoja,
nikapanda. Alipiga mkia. Nikasema: baridi.
Alilaza masikio. Nikasema: ukaidi.
Farasi hana neno la kusema "hapa";
ana mkia, ana masikio,
ana hatua inayofupika kilima baada ya kilima.
Jioni niliinua seruji, na ngozi ikaja nayo,
duara la sarafu ya loti moja.
Katika kunjo la blanketi: mbigili,
haifiki hata punje ya mtama.
Nilirudi kwa miguu siku nne, seruji kichwani,
naye nyuma yangu, bila kunilaumu.
Ningependa angenilaumu.

Palipopona paliota nywele nyeupe.
Hazitageuka tena, alisema mganga wa mifugo.
Wageni husifu: baka zuri hilo!
Mimi hutazama pembeni.

Basi sasa seruji naiweka mbele kidogo, naitelezesha nyuma,
manyoya yalale njia yao.
Blanketi nalivuta juu, lisiubane uti wa mgongo, upepo upite.
Mkanda tundu moja. Tunatembea. Tundu jingine.
Miguu ya mbele naivuta, mmoja, halafu mwingine,
ngozi ya kwapani isibaki imejikunja.
Kwenye mteremko nashuka. Magoti yangu yanalalamika,
mgongo wake unanyamaza,
na huo ukimya ndio ninaoulinda.

Safari iliyopita waliniita kwa 'Malipuo,
asiyeinuka kitandani tangu mavuno.
Binti yake, Puseletso, macho mekundu:
dawa anameza, uji anakunywa,
lakini nyonga zinafunguka vidonda, sijui kwa nini.
Mimi si daktari. Ni mtu wa farasi.
Nilinawa mikono, tukamgeuza,
nikapitisha kiganja juu ya shuka, taratibu,
na palepale: kunjo moja,
gumu, lenye makombo ya mkate.

"Ukung'ute mara tatu," nilimwambia Puseletso.
"Ya nne ni ya hofu."

Tulimlaza kwa ubavu mwingine, uso dirishani.
Nje, Lerole alikuwa amefunguliwa mkanda,
akipoa, jasho likimkaukia.
"Farasi wako," alisema mama yule kwa pumzi ndogo,
"ana baka zuri."

Sikutazama pembeni.