Punda Mmoja, wa Kike, Kilema

Mimi ndiye niliyeandika.
Wengine watakusimulia bendera na ngoma.
Mimi nilikuwa na wino, na wino ulikuwa ukiganda;
kila baada ya mistari miwili nilikiweka kidau kwapani.

Amri ilikuja na mihuri mitatu:
kilipiwe kila kichwa cha mtu, na kila kichwa cha mnyama.
Mkuu wa wilaya akaisoma, akaikunja,
akauliza kama kuku ni mnyama.
Hatukucheka. Tuliandika barua kuuliza.

Nikapanda vijiji vya juu, theluji magotini.
Kwa Sheriban, mjane, nikaandika:
punda mmoja, wa kike, kilema.
Akasema, "Karani, mguu wa nne usiutoze.
Haufanyi kazi."
Nikaandika mmoja. Daftari halina safu ya robo tatu.

Punda afe, mzigo ufike:
tulilisema hilo ofisini, tukiota moto
wa kuni walizotuletea wao.

Wasomi wanabishana ni nini kilichoanzisha.
Njaa, wasema. Njaa ilikuwapo tangu babu zetu,
na watu waliila kimya.
Vijana wa mji mkuu, wasema, wenye kola ngumu.
Mimi nilikuwapo. Mizani ya ghala ilivunjika,
mtoza kodi akapima shayiri ya watu kwa macho,
na macho yake yalikuwa na njaa kuliko wao.
Mtu mmoja akacheka.
Kisha soko zima.
Kicheko kile sikukipenda. Nilifunga daftari.

Siku kumi na moja maduka hayakufunguliwa.
Wanawake waliketi kwenye theluji mbele ya nyumba ya simu,
hawaondoki mpaka waya uwajibu.
Sheriban alimleta punda, akamfunga kwenye nguzo ya serikali.

Kamanda akaamuru: pigeni.
Mbele alisimama Satilmish, mwana wa mfinyanzi.
Jina lake maana yake Aliyeuzwa:
mama yake alizika watatu,
wa nne akamwuza kwa kaburi la walii, apate kuishi.
Akaishusha bunduki taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.
Wa kulia akaona. Wa kushoto akaona.

Waya ukajibu. Kodi imefutwa.
Nilipiga mstari juu ya kurasa mia mbili na kumi na mbili
hadi kidole kikavimba,
na nje walikuwa wakipika halua kwa sukari ya kukopa.

Theluji ilipoyeyuka, wakaja usiku na orodha.
Ilikuwa orodha nadhifu. Majina yamenyooka,
ya baba chini ya ya mwana.
Nilikuwa na watoto wanne.

Satilmish hawakumpiga risasi. Walimpeleka Yemeni,
kwa wakulima wa buni waliokataa kodi nao.
Alirudi baada ya miaka saba, sikio moja halipo,
akaketi dukani kwangu, chai ikapoa.

"Bondeni kulikuwa na mzee, Mukbil.
Aliweka chini mkufu wa mkewe. Haukutosha.
Karani wetu akaanza kuandika punda.
Nikachungulia begani kwake: mmoja, wa kike.
Safu zilezile. Nikadhani ni wewe."

Nikamwuliza, na bunduki?

Akazungusha kikombe.
"Watu wanadhani aliyekataa mara moja
amejifunza kukataa."

Sasa kuna serikali mpya, yenye kofia mpya.
Kodi imerudi; inaitwa ya barabara.
Barabara haijafika.

Jana Sheriban alikuja, amepinda kama mundu,
punda wake amekufa zamani.
Alikuwa na stakabadhi ndani ya kitambaa, na muhuri wangu.
Anadai robo yake. Ya ule mguu.

Nilitaka kumwambia mambo mengi.
Nikamwambia akae.
Nikaenda kulitafuta daftari.