Ndoo Nyekundu

Ndoo ni ile ile.
Jumamosi tumeizungusha uwanjani, sarafu zikilia ndani,
Jumapili inarudi chini ya paa la ukumbi,
pale kati ya jukwaa na piano,
kupokea matone.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Cha kwetu hujazwa na mvua.

Mimi ndiye mweka hazina wa Llanfedwen,
kijiji cha nyumba thelathini na nne, makanisa mawili,
moja limefungwa,
na kondoo ambao hata wenyewe hawana hesabu yao.
Najua bei ya kigae kimoja cha jiwe jeusi.
Najua nani hutoa noti akitazamwa
na nani hungoja watu wageuke.

Leo tulishindanisha bata mtoni.
Bata wa plastiki, mia mbili na kumi,
namba mgongoni, pauni moja kwa bata.
Gwilym aliwamwaga darajani kutoka gunia la mbolea,
watoto wakapiga mayowe kana kwamba viumbe wale wana moyo.
Maji yalikuwa haba. Wakakwama wote kwenye jiwe la pili,
wakazunguka, wakatazamana,
mpaka Tegwen, mwenye miaka sabini na tisa,
akavua viatu, akapandisha sketi, akaingia
kuwasukuma kwa ufagio.
Mshindi: namba themanini na nane.
Mwenye namba hiyo: Tegwen.
Tulilijadili hilo dakika arobaini,
chai ikapoa, keki ya kukisia uzito ikaliwa
kabla mtu hajaipima.

Nje ya ukumbi Ieuan amechora kipimajoto kwenye ubao,
kila pauni mia tano anapandisha rangi nyekundu.
Kwingine homa ikipanda watu hukimbilia daktari;
sisi tunapiga makofi.

Sasa ni usiku. Nahesabu jikoni,
minara ya kumikumi juu ya gazeti la zamani.
Ndani ya ndoo nimekuta kifungo cha koti,
sarafu ya nchi nisiyoijua,
pipi iliyokwisha kulambwa,
na bahasha.

Bahasha haina jina. Ina kidole.
Kidole gumba, cha bluu, rangi ile
wanayopakwa kondoo mgongoni kabla ya kupelekwa mlimani.
Kila zizi na rangi yake.
Bluu ni Hafod-wen. Bluu ni Ifor.

Ifor aliyesimama mkutanoni miaka sita iliyopita,
kofia mkononi, mate mdomoni:
hata peni yangu haitaingia kwenye hilo paa,
liwaangukie.
Ugomvi ulikuwa wa ukuta, futi tatu za ardhi yenye mawe matupu,
naye aligombana na mume wangu.
Emrys amezikwa hawajasalimiana.
Chai ya mazishi tulinywea ukumbini,
tukiikwepa ndoo.

Noti ishirini za pauni ishirini,
zimenyooka kama zimepigwa pasi.

Nimekaa nazo. Saa ya ukutani imesema saa tano, kisha sita.
Nikanyanyua kalamu, nikaandika daftarini:
Asiyetaka kutajwa, mia nne.
Eluned, katibu wetu, ataniuliza mara tatu
kwa njia tatu tofauti, na ya tatu ataleta biskuti.
Nitazila.
Bahasha nilitaka kuichoma.
Nimeiweka kwenye droo ya vijiko.

Bado tunapungukiwa na elfu mbili na sitini.
Mwezi ujao kuna usiku wa karata,
halafu mnada wa ahadi: Gwilym ataahidi tena
kumkatia mtu kuni, na tena hatakata.

Asubuhi nitairudisha ndoo mahali pake.
Kisha nitashika njia ndefu, ya juu,
inayopita lango la Hafod-wen.
Sitabisha hodi.
Nitakohoa tu pale kwenye ukuta,
mbwa wake atasema yaliyobaki.