Mwezi Gani?

Mimi hushona midomo ya magunia, hapa Kibaigwa,
sindano ya chuma, uzi wa katani,
mia mbili kwa gunia; lumbesa, mia tatu,
maana lumbesa huvimba kichwa kama mtu aliyepata cheo jana
na uzi haumtoshi.
Basi kabla hujaniuliza habari za siasa, jua
hata mimi nina senti zangu ndani ya dhuluma.

Juni ile malori yalipanga foleni hadi njia ya Pandambili,
namba za nchi jirani, madereva wakipiga mluzi.
Yeremia aliteremsha magunia kumi na moja kutoka Mkoka,
mahindi makavu, ukiyamwaga yanalia kama kokoto,
akakaa juu yake akichokonoa meno,
akingoja elfu kumi na moja kwa debe ifike kumi na mbili.
Redio ya mama ntilie ikasema mpaka umefungwa.
Haikupaza sauti. Ililisema hilo kati ya matangazo ya vifo na mpira.
Saa saba mchana debe lilikuwa elfu saba
na madereva wanakunja maturubai.

"Mwenye kufuli lile hapati kura yangu," mume wangu aliapa,
"hata akinivika kofia tatu juu ya kichwa kimoja."
Akauza manane kwa uchungu: deni la mbegu, ada ya Ndahani,
trekta la watu. Matatu tukarudi nayo.
Dumuzi, yule tunayemwita Skania, akala lake bila kujiandikisha;
la pili likaliwa msibani kwa shemeji;
la tatu tulilila sisi, tukalikung'uta Septemba,
likatoa vumbi na punje ishirini.
Nilizihesabu.

Oktoba mgombea alipanda juu ya gari,
akatusalimu "mbukwenyi" kwa lafudhi ya kuazima,
akasema mkulima ni uti wa mgongo.
Tukapiga makofi. Mgongo wangu ulikuwa unauma.

Kabla yake alipita kijana wa chuo, ana simu pana yenye maswali:
mama, wewe kama mkulima, unapendelea bei ya mahindi
iwe juu, au iwe chini?
Nikamwambia, mwezi gani?
Akacheka. Sikucheka.
Akatafuta kwenye kioo kisanduku cha mwezi, hakukiona,
akabonyeza "juu", akashukuru, akaenda kwa jirani.

Maana Oktoba hiyo mimi si muuzaji.
Nimesimama dukani kwa Chibago na sado ya plastiki,
na sado ni rahisi, rahisi kuliko mwaka jana,
kwa kuwa yale mahindi hayakuvuka.
Kufuli lililomkaba mume wangu Juni
ndilo linalochemsha sufuria yangu sasa.
Haya nakwambia wewe. Kwa Yeremia niliushona mdomo
mara mbili, kama lumbesa.

Wangeuweka uchaguzi mwezi wa sita,
siku ya mizani, vumbi la pumba likiwa bado puani,
pengine hata ahadi zingebadilika sura.
Lakini kura hutukuta na debe tupu,
na debe tupu, wanasema, haliachi kuvuma.
Hakuna aliyeuliza limemwagwa wapi.

Siku yenyewe tulipanga foleni nje ya darasa la nne.
Aliingia kabla yangu. Akakaa mle ndani muda mrefu
kwa mtu aliyekwisha kuapa.
Nikaingia mimi. Kalamu imefungwa kwa uzi wa katani,
fundo la ovyo, ningelifunga vizuri zaidi.
Nilichoweka ni changu.

Kurudi hatukuulizana.
Vidole vyeusi tumevificha, yeye mfukoni, mimi ndani ya kanga.
Kwa Chibago akasimama, akapima sado mbili,
akalipa, akapokea chenji, akaihesabu,
akairudia.
"Rahisi," akasema,
kama mtu aliyetukanwa
na sauti ni yake.