Kofia ya Shija

Saa nane usiku, Kitangiri, chumba kilichoegemea jiwe,
Luku imebaki yuniti nne.
Gemu ya matofali nimeitilia ziwa letu:
magugu maji, dagaa wa mraba,
sangara mmoja mwenye macho ya pikseli mbili.
Modi inawaka. Ziwa lipo. Samaki hamna.

Siku tatu naisoma Java mstari kwa mstari
kama mtu anayechambua dagaa, akitoa changarawe.
Kosa nililiandika kwa mkono wangu, kwa neno moja: new.
Kipakiaji kilikuwa kimeshaiumba modi yangu,
kimeipa sangara, magugu, na sauti ya maji;
mimi, kwa kutojua, nikaumba ya pili kando yake,
jina lile lile, ukoo ule ule, mikono mitupu.
Nikaita.
Ikaitika ile isiyo na samaki.

Nani angelijua hili kama si mtoto wa nyumba yetu?
Waliotangulia ni Kulwa na Doto.
Mwalimu wa Pasiansi alimchapa Doto kwa deni la Kulwa:
klasi moja, nakala mbili, na fimbo haichagui.
Baada yao nikaja mimi, na jina halikutafutwa.
Anayefuata pacha ni Shija. Basi.
Mama anasema nilipokuwa tumboni, shangazi Nyamizi
alishafuma kofia akaitundika msumarini:
"Hii ya Shija."
Kofia tupu, na ina mwenyewe.
Ungeuliza mimba ikiwa ya miezi mitano, Shija yuko wapi?
ungeonyeshwa msumari.

Ndiyo lebo hiyo, ile yenye @ kichwani kama konokono,
Instance, juu ya uga mtupu.
Haiumbi. Haimwiti mtu. Inasema tu: hapa pana mwenyewe.
Kipakiaji kikiamka kinapita mlango kwa mlango,
kinasoma, kinamweka humo yule yule kiliyemuumba,
si pacha wake.
Ukichungulia kabla hakijapita utakuta hewa,
programu itaanguka kifudifudi, nawe utailaumu Java.

Nikafuta new. Nikafuta alama ya sawasawa
na kila kilichoifuata.
Mkono uliogopa kuacha patupu;
shuleni patupu palikuwa alama sifuri.
Nikaandika lebo, nikabonyeza, nikaikalia mikono yangu.

Yuniti moja na nusu.
Ziwa likaja, magugu yakaja,
Doto akaamka kwa kelele zangu, akaniegemea bega:
"Mbona anaogelea kinyumenyume?"

Kweli. Mkia mbele, macho nyuma,
lakini ni yeye,
na yuko mmoja.