Kistari

Saa tano usiku, Punta Arenas.
Upepo unapiga mabati kama mtu anayedai deni,
nami nimekaa jikoni, buti bado miguuni,
simu mkononi. Nywila nimeikosea mara mbili.
Ya tatu ikakubali.

Jedwali. Safu. Visanduku.
Kazi ya kwanza: 5,2.
Ya pili: 4,6.
Ya tatu: 5,8 (hiyo nilijipongeza kwa kikombe kingine cha chai).
Ya nne: 1,0, nyekundu, peke yake kama jino bovu.
Ya tano: kistari.
Kistari tu, kimelala.

Nikageuza bahasha ya bili ya gesi,
nikajumlisha, kistari nikakipa moja,
maana kwetu hapa aliyekosa kabisa hupewa moja;
sifuri hata mwalimu mkali haiandiki.
Nikagawanya kwa tano.
Tatu, mkato, tano.
Kufaulu ni nne.
Nikaikunja bahasha, nikajisemea:
Eliseo, miaka arobaini na saba,
mwanafunzi wa jioni, aljebra ya nini?
Chuma hakijawahi kukuuliza x ni ngapi.

Yasna akatoka chumbani kufuata maji,
miaka kumi na mitatu, soksi zisizofanana,
akachungulia begani pangu.
"Kistari umekihesabu?"
"Nimekihesabu."
"Baba. Kistari si moja.
Kistari ni mwalimu hajafika.
Kazi yako iko kwenye foleni;
aliyekwisha kuisahihisha ni wewe peke yako."

Akagawanya kwa nne, kichwani, mtoto huyu,
akasema: nne, mkato, moja, tano,
na mashine itakusogeza hadi mbili.
Akauteremsha ukurasa mpaka mwisho
na kweli ilikuwepo muda wote, kwa rangi ya bluu:
4,2.
Mimi sikuwa nimefika chini.

"Na hapa hujagusa."
Pembeni mwa kila alama kuna kikalamu kidogo.
Nilidhani ni pambo.
Akabofya kile cha 4,6,
ikafunguka karatasi yangu mwenyewe,
niliyoipiga picha juu ya meza hii hii,
doa la chai likionekana,
na duara moja jekundu, mstari wa tatu:
alama ya kutoa niliisahau
nikiihamisha namba upande wa pili wa mlinganyo.
Chini yake Mwalimu Oyarzún ameandika,
"Baada ya hapa umefuata njia hadi mwisho. Nimekuhesabia."

Duara hilo nalijua.
Karakanani mkaguzi huja na chaki;
pale mshono unapovuja hupazungushia,
haandiki kwamba meli ni mbovu.
Unasaga pale, unachomelea upya, meli inashuka majini.
Miaka ishirini na mitatu nasoma chaki ya watu
bila kununa,
na hii yangu niliisoma kama hukumu ya mahakama.

Kosa moja haliachi mke.

Ikabaki ile moja nyekundu.
Juma la nne lilikuwa la hospitali,
mama akipumua kwa mpira, mimi nikilala kwenye kiti.
Yasna alijua, hakusema.
Akabofya. Ndani hakuna duara, hakuna karatasi,
pengo jeupe, na sentensi mbili:
"Sikupokea kitu, si kawaida yako.
Mlango uko wazi hadi tarehe thelathini, niandikie."
Ameziandika siku kumi na moja zilizopita.
Siku kumi na moja nimekuwa nikiitazama ile namba
nisijue kwamba nyuma yake kuna mtu anayeniuliza.

Leo ni tarehe ishirini na nane.

Yasna amerudi kulala, maji hakunywa.
Nimevua buti moja.
Bahasha nimeikunjua, upande mmoja una nafasi bado,
swali la kwanza nimelinakili juu kabisa,
na kabla ya x,
polepole, kwa kalamu iliyokazwa,
alama ya kutoa.