Viungo kwa Viungo

Mwezi wa Karkidakam mvua haina adabu:
huingia bila hodi, hukaa, hula.
Ndipo wanaponijia hapa Ottapalam
wenye magoti yanayolia kama bawaba.

Leo ni Velappan, mfumaji,
miaka arobaini na mmoja akikanyaga kitanda cha mfumi.
"Goti tu," anasema. Shati havui.

Nami sigombani na shati.
Napasha mafuta katika bakuli la shaba,
bakuli ndani ya maji moto, kamwe si juu ya moto wenyewe.
Ufuta ukiungua ni wa taa, si wa mtu:
mama mkwe alinifunza hivyo, kwa kofi.
Mna tangawizi humo, manjano, mizizi ya mbono
iliyochemka siku nne nikikoroga.
Viungo kwa ajili ya viungo.

Naanza pajani, nashuka.
Gumba langu linaizunguka pia ya goti,
pia ambayo siku nyingi haijazunguka.
Anasimulia bei ya nyuzi.
Anasimulia mwanawe wa Doha, simu zake fupi.
Kisha kimya, mvua tu juu ya vigae,
na bila kuniangalia
anafungua kifungo. Cha pili. Cha tatu.

Mgongo wake: magamba meupe juu ya wekundu,
nguo iliyofumwa na mtu mwenye hasira.
"Kinyozi hunawa kabla na baada," anasema.
"Mke wangu amehamishia mkeka barazani.
Anasema ni joto."

Mafuta ya goti hayafai hapo.
Nashusha chupa ya rafu ya juu:
nazi, na majani ya dantapala
niliyoyaanika juani mwezi wa Mei
hadi mafuta yakageuka zambarau.

"Itapona?"

Sijui, Velappan.
Nimeona ngozi zikitulia kama mtoto aliyenyonya,
nimeziona zikirudi mwakani na wenzake.
Daktari wa Palakkad usimwache.
Hilo namwambia, na mkono hausimami,
bega hadi kiuno, kiuno hadi bega,
hadi pumzi yake inakuwa nzito, ndefu.

"Mikono yako ina moto," ananong'ona.
"Ni mafuta," nasema.
Bakuli lilikwisha kupoa zamani.

Ameondoka na mwavuli, vifungo vimepishana,
doa la zambarau mgongoni pa shati jeupe.
Halitoki lile, hata kwa magadi.
Sikumwambia.